Mguu Juu ya Breki ya Pili

Saa tatu kasorobo asubuhi, Ijumaa. Kando ya barabara ya Bahati, mbele ya kinu cha posho, Wanjugu Gachanja anavua viatu vyake vya kazini na kuvaa raba kuukuu. Soli za raba hizo zimelika zikabaki nyembamba kama kadibodi, naye anazitaka hivyo hivyo. Soli nene, anasema, humchelewesha kuisikia breki.

Gari lenyewe ni dogo, jeupe, lenye herufi L nyekundu mbele na nyuma. Ni la shule ya udereva anakofundisha mjini Nakuru. Ukilitazama kwa nje hulitofautishi na mengine. Tofauti iko chini, upande wa kushoto: mbele ya kiti cha abiria kuna kanyagio la pili la breki. Hapo ndipo Wanjugu, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, anapopatia ugali wake.

Kwa miezi mitano sasa gari hilo limekodishwa na watafiti wa chuo kikuu. Wamefunga skrini ya kugusa katikati ya dashibodi, pana kama sinia ya chai, na kamera ndogo tatu zinazomtazama dereva na barabara. Madereva wazoefu hujitolea kuendesha kutoka hapa hadi karibu na Kabazi na kurudi, mwendo usiozidi kilomita sitini kwa saa. Njiani huambiwa watafute anwani kwenye skrini, wabadilishe stesheni ya redio, wapunguze feni. Kamera zinahesabu macho yao yameiacha barabara mara ngapi, na kwa muda gani.

Kazi ya Wanjugu ni moja tu. Akiona mambo yanaharibika, akanyage.

Madereva thelathini na tisa wameshapita. Leo ni zamu ya wa arobaini, wa mwisho, naye ameshaketi nyuma ya usukani, anarekebisha kioo huku akitafuna chingamu kana kwamba anaenda harusini. Huyo ni Becky, binti wa Wanjugu, mwenye miaka ishirini na mitatu.

Jumatatu Becky anaanza kazi ya kuendesha pikapu ya kubeba maua huko Naivasha. Pikapu hiyo ina skrini kama hii hii. Breki ya pili haina.

"Naogopa," anasema Wanjugu, wala hapambi neno. "Nimefundisha watu zaidi ya elfu moja kushika gari. Wale wengine niliwaogopea mikono. Huyu namwogopea macho."

Wanjugu alizaliwa hapa hapa Bahati, kwenye kipande cha shamba ambalo zamani lilikuwa la mlowezi. Baba yake alikuwa dereva wa trekta. Akiwa na miaka kumi na minne Wanjugu alimwomba baba yake amwachie usukani, mama yake akaona haya kwa sababu majirani walikuwa wanatazama. Baba akasema trekta haijui kama anayeiendesha ni msichana. Siku hiyo alilima mistari saba iliyopinda, na hadi leo akiisimulia hucheka mwenyewe.

Alianza kufundisha udereva miaka kumi na tisa iliyopita, mwanamke pekee katika shule nzima. Kulikuwa na wanaume waliofika, wakamsalimia vizuri, wakakaa kwenye benchi na kumngoja mwalimu. Aliwaacha wangoje. Walipochoka, waliinuka na kumuuliza mwalimu yuko wapi, naye akawapa ufunguo.

Mshahara wake ni shilingi elfu ishirini na nne kwa mwezi. Watafiti humlipa elfu mbili na mia tano kwa siku, na alipoambiwa kiasi hicho mara ya kwanza alidhani amesikia vibaya. Pesa hizo ndizo zilizomlipia Becky masomo ya leseni ya magari ya mizigo. Jambo hilo linamkera sasa, na anapolitaja hutazama pembeni.

Aliyemletea kazi hii ni Nerima, mtafiti wa miaka ishirini na tisa, mpole wa sauti na mbishi wa mambo yake. Mara ya kwanza alipoeleza anachotaka kufanya, Wanjugu hakuelewa hata nusu. Kielelezo cha macho ya dereva, alisema Nerima. Wanjugu akamuuliza macho yanatengenezewaje kielelezo, ni nyumba?

Basi Nerima akageuka, pale darasani shuleni, na kuona ubao wa mji. Aliyepitia shule ya udereva nchini Kenya anaujua: meza yenye mji mdogo uliochorwa, barabara, mizunguko, taa na vivuko, na vigari vya kuchezea juu yake. Mwanafunzi husukuma kigari kwa kidole huku akitaja kwa sauti kila anachokiona na kila anachokifanya. Asipoutaja mji ule vizuri, usukani wa kweli hapewi.

"Mwalimu, mimi natengeneza ubao kama huu ndani ya kompyuta," Nerima alimwambia. "Lakini badala ya kigari, naweka macho."

Hapo Wanjugu akaelewa. Kompyuta ingechukua macho ya madereva arobaini na kujifunza tabia yake: yanaruka kwenye skrini lini, yanang'ang'ania wapi, yanarudi barabarani yakiwa yamechelewa kiasi gani. Baadaye kampuni ikitaka kutoa skrini mpya, ijaribiwe kwanza na macho yale ya kompyuta. Orodha hii ndefu itamshika dereva sekunde tatu, itupwe. Kitufe hiki kikubwa kinamwachilia haraka, kibaki. Hakuna binadamu atakayehatarishwa.

"Isipokuwa hawa arobaini," Wanjugu alisema. Nerima akakubali kwamba ni kweli, isipokuwa hawa arobaini, na kwamba ndiyo sababu amekuja kumtafuta mtu mwenye mguu mwepesi.

Mpaka wenyewe ni sekunde mbili. Nerima anasema jicho likiiacha barabara zaidi ya hapo, hatari hupanda kama maziwa yanayochemka. Wanjugu si mtu wa kuambiwa sekunde. Alitaka kujua ni umbali gani. Kwa mwendo wa kilomita sitini, sekunde mbili ni mita thelathini na tatu, kwa hivyo alichukua futi ya fundi, akapima ukingoni mwa barabara kuanzia kinu cha posho, akafika langoni mwa kanisa. Kisha akarudi akiitembea njia ile ile na macho ameyafumba. Alifika hatua ya kumi na moja, akayafumbua. Hakuweza kuendelea, na alikuwa anatembea tu.

Tangu siku hiyo mguu wake hautulii. Ibadani unakanyaga sakafu. Akipanda gari la mtu mwingine unakanyaga kapeti. Juzi alikuwa anakaanga mayai, akajikuta amekanyaga breki jikoni.

"Watu husema ajali haina kinga," anasema. "Na mimi nimeajiriwa niwe hiyo kinga. Sasa kinga yenyewe ikilala?"

Ililala. Ilikuwa mwezi wa tatu wa kazi hii, na bila kuelewa jinsi ilivyolala huwezi kuelewa kwa nini leo anaogopa hivi.

Mwanafunzi mpya, Wanjugu anaeleza, huiogopa barabara, kwa hivyo haachi kuitazama. Mwalimu hana haja ya kumchunga macho. Humchunga mikono na miguu, kwa maana huko ndiko makosa yaliko. Lakini dereva aliyekomaa ni kinyume. Mikono yake imetulia, miguu inajua kazi, na kwa sababu hiyo macho yake hujiona huru kutembea. Baada ya wiki mbili za kukaa kando ya madereva kama hao, Wanjugu alibadilisha namna yake ya kufanya kazi. Alianza kuwatazama macho.

Akawa hodari. Angeweza kusema bila saa kwamba dereva ametazama skrini sekunde moja na nusu, na Nerima akilinganisha na kamera anakuta tofauti ni ya kupepesa kope tu. Nerima akamsifu. Wenzake Nerima wakaja kumtazama, wakamsifu nao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Wanjugu anakiri kwamba sifa zile zilimwingia. Alipanda gari kila siku akiwa na hamu ya kupatia.

Dereva wa siku ile alikuwa Micah Kibii, mtu aliyeendesha malori ya maziwa kwa miaka kumi na minane, mtaratibu, asiyejua papara. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, jua limekaa vizuri na barabara ni tupu. Walikuwa wamekaribia Kabazi. Nerima, kwenye kiti cha nyuma, alimwomba Micah atafute jina la soko kwenye skrini. Micah akanyoosha kidole. Nerima akainamia kompyuta yake kuona kama takwimu za kamera zinaingia. Na Wanjugu akageuza uso kumtazama Micah machoni, akaanza kuhesabu.

Moja. Macho ya Micah yako kwenye skrini. Mbili. Bado yako hapo, orodha imekuwa ndefu. Wanjugu alijisikia vizuri, anasema, alijua hii itakuwa ndefu na ataipatia sawasawa. Kisha macho ya Micah yakainuka, na Wanjugu, aliyekuwa anayatazama, akayaona yakitanuka.

Hatari aliiona machoni mwa Micah kabla ya kuiona barabarani. Mguu wake ulikanyaga wenyewe. Matairi yalilia, mkanda ukamkaba kifuani, kompyuta ya Nerima ikagonga mgongo wa kiti. Gari liliposimama, kioo cha mbele kilikuwa kijani kitupu. Juu ya boneti kulikuwa na mzigo mzima wa majani ya ng'ombe.

Mwenye mzigo alikuwa ameketi chini, ukingoni, mguu mmoja ndani ya mtaro. Anaitwa Chepngeno, mama wa miaka sitini na miwili, mkulima wa hapo. Alikuwa anavuka na majani mgongoni, akaliona gari mbali, akaona ni gari la shule ya udereva, akajiambia hao huwa waangalifu. Lilipokaribia bila kupunguza mwendo aliutupa mzigo na kujirusha. Goti lilichubuka, kiganja kikachanika.

Wote watatu walitoka mbio, kila mmoja akisema lake. Chepngeno aliwaacha wamalize. Alimtazama Micah, akamtazama Nerima, mwisho akamtazama Wanjugu, na hakupaza sauti.

"Mko watatu ndani ya gari," alisema. "Hakuna hata mmoja ameniona?"

Micah aliinama kumwinua, huku analia.

Walimpeleka zahanati, akafungwa kiganja, akarudishwa kwake jioni hiyo pamoja na majani yake. Nerima alisimamisha utafiti. Picha za kamera zilipochezwa zilionyesha kila kitu: kwa sekunde mbili na nukta tisa, gari lilikwenda mita karibu hamsini na hakuna jicho hata moja kati ya macho sita lililokuwa barabarani. Micah alitazama skrini, Nerima alitazama kompyuta. Mwalimu Wanjugu, mwenye breki, alimtazama Micah kwa makini mno.

"Ningekuwa nimesinzia ningejisamehe," anasema. "Sikusinzia. Nilikuwa kazini, nimekazana kweli kweli, kumbe nimekazania pasipofaa."

Aliandika barua ya kuacha, ya utafiti na ya ualimu pia. Kabla hajaipeleka alikwenda Kabazi na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani chai kumjulia hali Chepngeno. Alipokelewa, akapewa uji. Mama yule hakumlaumu, wala hakumwambia amemsamehe. Alimweleza tu kwamba siku hizi hungoja hadi barabara iwe tupu kabisa kabla ya kuvuka, na siku nyingine huchoka akageuka na ng'ombe wakalala na njaa. Kisha akamuuliza kama mtu atakayekalia kile kiti baada yake ameshawahi kukosea hivyo.

Wanjugu akasema pengine hajawahi.

"Basi huyo atakosea kwanza," Chepngeno akasema. "Rudi wewe."

Akarudi, na akaja na masharti. La kwanza lilikuwa kwamba gari likitembea, Nerima hataigusa kompyuta yake, atatazama mbele kama abiria mwoga. La pili alijipa mwenyewe: hatamtazama dereva tena, hata kidogo. Na ili macho yasimponyoke alirudia mambo ya ubao wa mji. Hutaja kila anachokiona. Baiskeli kushoto. Ng'ombe wawili, mmoja hana kamba. Mtoto na mtungi. Nerima hakutaka yatajwe kwa sauti kwa sababu yangemzindua dereva na kuharibu hesabu, kwa hivyo Wanjugu huyataja bila sauti, midomo ikicheza. Madereva kadhaa walimuuliza kama anasali. Aliwajibu kwamba na hilo pia limo.

Leo midomo imeanza kucheza hata kabla gari halijaondoka.

Becky anaendesha vizuri. Hilo hakuna anayelipinga, kwani alifundishwa na mama yake kwenye gari hili hili. Wanapita kanisa, wanapita mashamba ya viazi, wanapanda kilima kidogo. Nerima anampa kazi ya kwanza, apunguze feni, naye anaigusa skrini na kurudi barabarani upesi. Ya pili ni redio. Upesi tena. Wanjugu anatazama mbele tu. Shingo imemkakamaa, kwa sababu kila mfupa unataka kugeuka umtazame mtoto.

Kisha skrini inalia kengele. Nerima ameiiga ile ya pikapu za maua: oda imeingia, ina jina la shamba, idadi ya maboksi na kitufe cha kukubali. Kando ya bega lake la kulia Wanjugu anausikia mkono wa Becky ukiachia usukani.

Mbele, upande wa kushoto, kuna mkokoteni wa punda wenye mitungi ya maji. Midomo ya Wanjugu inasema punda. Inasema mitungi sita, mtu mmoja. Punda anageuza kichwa kuelekea katikati ya barabara. Gari halipungui. Tairi la kushoto linaanza kunguruma juu ya mchanga wa ukingoni.

Anakanyaga.

Gari linasimama hatua ishirini kabla ya mkokoteni. Mwenye punda anavuka zake, anainua mkono kushukuru, akidhani amepishwa.

"Mum, nilikuwa nimemwona," Becky anasema, na amekasirika.

Wanjugu anaangalia magoti yake. Mguu bado uko juu ya breki na anautoa kwa mikono miwili. Madereva thelathini na tisa wameketi kwenye kiti kile, na kila aliyekanyagiwa breki alisema maneno hayo hayo. Nilikuwa nimeona. Micah Kibii pekee ndiye hakusema, na yeye hakusema kwa sababu alikuwa analia.

Nerima anamwonyesha Becky picha. Sekunde mbili na nukta sita. Punda anageuza kichwa, Becky anasoma idadi ya maboksi. Mkokoteni unaingia barabarani, Becky anatafuta kitufe. Macho yake yanapoinuka, gari limeshaanza kusimama. Becky anaitazama picha mara tatu. Anatoa chingamu mdomoni, anaifunga kwenye karatasi.

"Kule kazini wananipa sekunde kumi na mbili kukubali oda," anasema hatimaye. "Nisipobonyeza inaenda kwa dereva mwingine. Zikinipita tatu kwa siku naitwa ofisini."

"Ziache zipite."

"Nitafutwa kazi, Mum."

"Aliyefutwa kazi hurudi nyumbani," Wanjugu anamwambia.

Punda ameshapotelea kwenye kichochoro cha kuelekea mtoni.

Utafiti wa dereva wa arobaini ungeishia hapo. Lakini mafuta yapo, asubuhi ipo, na Nerima anazima kamera na kusema gari ni lao hadi saa sita. Wanaanza upya, mara hii kwa ajili yao wenyewe. Nerima akipiga kengele, Becky asiitazame skrini. Atazame kioo, awashe taa ya pembeni, atoke barabarani, asimame, avute breki ya mkono, ndipo abonyeze.

Mara ya kwanza inamchukua sekunde kumi na saba. Ya pili, kumi na nne. Wanarudia hadi mikono ya Becky inalowa jasho, na mara ya tisa anafika kumi na moja. Wote watatu wanapumua. Kisha Wanjugu anakumbuka kitu na kusema hapa ukingo ni mpana. Kuna sehemu za barabara za Naivasha ambako ukingo haupo, kuna mtaro na ua wa shamba basi. Hapo hata sekunde ishirini hazitoshi. Becky anasema analijua hilo.

Nerima ameyaandika hayo kwenye daftari lake. Ripoti yake itapendekeza kwamba skrini ingoje gari lisimame, na hesabu ya sekunde isianze kabla ya hapo. Kama kuna kampuni itakayoisoma, yeye mwenyewe hajui. Alipoulizwa na Wanjugu alisema ataipeleka hata wasipomfungulia mlango, ataisukumiza chini yake.

Kabla ya kurudi mjini wanapitia kwa Chepngeno. Becky alitaka kumwona tangu aliposikia habari zake, na mama yake alikuwa akimwahirishia. Chepngeno yuko zizini. Anaambiwa huyu ndiye binti, na Jumatatu anaanza kuendesha. Anajipangusa mikono kwenye kanga, anamtazama Becky. Kiganja cha kulia kina kovu.

"Mimi nitaliangalia gari lako," anamwambia. "Na wewe uniangalie mimi."

Njiani kurudi Becky haweki redio.

Wanjugu ana mpango wake. Gari likirudishwa shuleni na skrini ikaondolewa, anataka kila mwanafunzi, kabla ya kushika usukani, atembee mita thelathini na tatu uwanjani akiwa amefumba macho, peke yake, bila kushikwa mkono. Mkurugenzi wa shule anasema wateja watadhani wamekuja kwa mganga. Wanjugu ameshapima uwanja na kupaka chokaa mstari wa kuanzia na wa kumalizia. Anasema atakayefika mwisho bila kufumbua atamrudishia karo yake yote, na hana wasiwasi wa kufilisika.

Kuhusu Becky hana mpango. Ana hofu tu, na anaibeba waziwazi kama mzigo wa kuni.

Jumatatu, saa tano asubuhi. Wanjugu yuko darasani mbele ya ubao wa mji. Mwanafunzi wake ni Hiram, mstaafu wa miaka sitini na mmoja aliyeamua kujifunza gari uzeeni, na anakisukuma kigari chekundu kwa kidole kinene huku akitaja kila kitu kwa sauti ya mtu anayesoma Biblia kanisani. Nakaribia mzunguko. Natazama kulia. Wanjugu anaitikia. Chini ya meza mguu wake wa kulia umekanyaga sakafu tangu saa moja, saa ambayo Becky alitakiwa kutoka na mzigo wa kwanza.

Simu inatikisika mezani. Wanjugu anainyakua.

Ni ujumbe wa Becky. "Mum niko sawa. Nimesimama kando ndio nikuandikie. Oda mbili zimenipita."

Anausoma. Anausoma tena, polepole, akikaa zaidi kwenye neno kando. Mguu unalegea. Halafu anakumbuka kwamba siku ni ndefu na imebaki oda moja ya kupita kabla ya kuitwa ofisini, na mguu unarudi pale pale.

Anainua uso. Hiram ameacha kutaja. Kigari chekundu kimepita taa nyekundu na kusimama katikati ya kivuko cha wanaotembea kwa miguu, na kidole cha mzee bado kiko juu yake. Anamtazama Wanjugu kwa haya.

"Mwalimu," anauliza, "umeona nilivyofanya?"

Wanjugu anafungua droo, anaiweka simu ndani, anaifunga.

"Sikuona," anasema.

Anakirudisha kigari mwanzo wa barabara, anavuta kiti karibu na meza, na kumwambia waanze tena.